Je, Wajua? Posho na Maharage Tumboni

Je, wajua kwamba posho, yaani ugali wa mahindi, huanza kumeng'enywa kabla hujaimeza? Ukikaa mgahawani Kikagate, karibu na Mto Kagera, tafuna tonge kavu polepole bila mchuzi. Ule utamu unaokujia ulimini ni wanga ambao mate yameanza kuugeuza sukari.

Je, wajua kwamba ini la mtu mzima huweka akiba ya sukari ya gramu 100 hivi? Ndiyo inayokuwezesha kuamka alfajiri na kwenda na dumu bombani kabla ya chai.

Je, wajua kwamba gramu moja ya mafuta ina kalori 9, lakini ya wanga au protini ina 4 tu? Kwa hiyo eshabwe, ule mchuzi mweupe wa samli wanaoupenda watu wa Mbarara, hukupa nguvu nyingi hata ukiwa kidogo. Nyongo huyavunja mafuta hayo kuwa matone madogo sana, kama sabuni inavyofanya kwenye sufuria yenye mafuta.

Je, wajua kwamba mwili hauna ghala la protini? Ukila nyama nyingi sikukuu, ziada haikungoji hadi mwezi ujao. Ini huondoa naitrojeni yake, ikatoka na mkojo.

Hili linalofuata nalipenda kuliko yote. Protini hujengwa kwa asidi amino, na mahindi yana upungufu wa mojawapo iitwayo laisini. Maharage yana laisini tele, ila yamepungukiwa methionini, ambayo mahindi yanayo. Kila kimoja humjazia mwenzake. Sahani ya posho na maharage inayoliwa kila siku katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, ambayo wengi huiona ya kimaskini, ni chakula kilichokamilishana vizuri.

Je, wajua kwamba gesi ya maharage hutokana na sukari ambazo utumbo mwembamba hauwezi kuzivunja, hadi bakteria wa utumbo mpana wazichachushe? Loweka maharage usiku, mwaga maji hayo, itapungua.

Je, wajua kwamba katika Hospitali ya Mulago, Kampala, kitengo cha lishe cha Mwanamugimu hufundisha wazazi kupika kitobero, yaani mchanganyiko wa vyakula kwa mtoto? Mama, baba, mtoto akishatimiza miezi 6, usimpe posho au matoke peke yake. Menya maharage yaliyoiva, yaponde laini, umchanganyie.