Je, Wajua? Malengo ya Maisha na Maji ya Bamvua

Je, wajua kwamba ule utafiti maarufu wa Chuo Kikuu cha Yale haukuwahi kufanyika? Umeusikia kwenye semina za ujasiriamali, redioni, pengine hata kwenye mahubiri: kwamba mwaka 1953 asilimia 3 ya wahitimu walikuwa wameandika malengo yao, na miaka 20 baadaye hao wachache walikuwa na mali kuliko wenzao wote waliobaki wakijumlishwa. Yale wenyewe walipekua kumbukumbu zao, hawakuukuta. Ni hadithi iliyopokezanwa kitabu kwa kitabu. Inaniuma, maana imewafanya watu wengi waandike malengo daftarini Januari, wafunge daftari, na kufika Desemba wajione wameshindwa maisha. Yapo yaliyochunguzwa kweli, na mengi kati yake pwani yetu, kuanzia Kunduchi hadi Saadani, inayafahamu kwa vitendo.

Je, wajua kwamba moja ya malengo makubwa ambayo watu wa kawaida wamewahi kujiwekea lilitimia Bagamoyo, Februari 24, 1874? David Livingstone alifariki mwanzoni mwa Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, Zambia ya leo. Mwajiri kafa, mshahara haijulikani atalipa nani, na pwani iko zaidi ya kilomita 1,600 kwa miguu. Watumishi wake Abdullah Susi, James Chuma na wenzao wangeweza kumzika palepale wakashika njia, na hakuna ambaye angewalaumu. Wakaafikiana kwamba mwili utafika baharini. Moyo na viungo vya ndani wakavizika chini ya mti, mwenzao Jacob Wainwright akasoma sala. Mwili wakaukausha juani kwa wiki mbili hivi, wakauviringisha kwa kitambaa, wakautia ndani ya gome la mti na kuushonea turubai.

Walipofika Unyanyembe, karibu na Tabora, walikutana na msafara wa Luteni Cameron, akawashauri wamzike hapo. Wakakataa. Mbele ya safari, wenyeji wa kijiji kimoja walipokataa maiti isipitishwe kwao, wale wapagazi walifunga mzigo wa bandia, wakautuma urudi nyuma kana kwamba wanakwenda kuzika, kisha mwili wenyewe wakaufunga upya ukafanana na robota la nguo. Ukapita. Safari nzima ilichukua miezi tisa hivi, na wengine miongoni mwao walifia njiani. Kwenye mazishi ya Westminster Abbey, Aprili 18, 1874, katika kundi lile alikuwepo Wainwright tu. Susi na Chuma walifika Uingereza baadaye mwaka huo, shughuli imeshakwisha.

Je, wajua kwamba kuwaza mema peke yake kunaweza kukupunguzia nguvu? Profesa Gabriele Oettingen aliwafuatilia vijana wa Ujerumani waliomaliza chuo na kutafuta kazi. Miaka miwili baadaye, wale waliokuwa wakijiona sana akilini wameshapata kazi nzuri ndio waliokuwa wametuma maombi machache zaidi, wakaitwa kazini mara chache zaidi, na mishahara yao ikawa midogo. Akili ilishasherehekea, mwili ukaona hakuna haraka. Dawa anayoipendekeza si kuacha kutamani. Tamani, jione umefika, halafu palepale jiulize: ni kitu gani ndani yangu kitanizuia? Kisha panga utakachofanya kitu hicho kikijitokeza.

Je, wajua kwamba mume wa Oettingen, Peter Gollwitzer, ndiye aliyechunguza kwa kina sehemu hiyo ya mwisho? Mpango wake una sura moja tu: “Ikitokea hivi, nitafanya vile.” Mwaka 2006 yeye na Paschal Sheeran walijumlisha majaribio 94 ya mpango wa namna hiyo, wakakuta unasaidia kwa kiasi kikubwa. Katika jaribio moja la Uingereza la mwaka 2002, vijana walitakiwa kufanya mazoezi walau mara moja kwa wiki. Walioachwa hivihivi, asilimia 38 walifanya. Waliopewa maneno ya kuhamasisha, asilimia 35. Walioandika siku, saa na mahali, asilimia 91! Zisome tena namba hizo kabla hujalipia semina nyingine ya hamasa.

Je, wajua kwamba wakulima wa mwani wa Mlingotini, kusini kidogo ya mji wa Bagamoyo, hupangiwa siku za kazi na bahari? Maji ya bamvua huja mara mbili kwa mwezi, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Bahari inakupwa mbali, shamba linaonekana. Yakija maji mafu, shamba halifikiki. Kwa hiyo mama anajua mapema siku zake ni zipi, na hawezi kuziahirisha. Anapigilia vigingi viwili mchangani, anavuta kamba katikati, na juu ya kamba kuna vitanzi vya uzi mwembamba, wenyewe wanaviita tai-tai. Kila kitanzi kinabeba kipande cha mbegu. Wiki sita hivi baadaye anavuna, anaanika, na sehemu ya mavuno anairudisha majini iwe mbegu. Kilimo hiki cha biashara kilishika Unguja mwaka 1989 kwa mbegu kutoka Ufilipino, kisha katika miaka ya 1990 kikaenea pwani ya Bara.

Bei ya kilo ya mwani mkavu haijawahi kuwa ya kumtajirisha mkulima. Ndiyo maana hesabu ya shamba la mwani huenda kwa vipande: bamvua hili kamba ngapi, mavuno haya ada ya mtoto yupi, mavuno yajayo mabati mangapi. Mwanasaikolojia Edwin Locke aliandika mwaka 1968, na baadaye akishirikiana na Gary Latham akathibitisha kwa mamia ya majaribio, kwamba lengo mahususi na gumu humfikisha mtu mbali kuliko agizo la “fanya uwezavyo”. Anayesema “nataka maisha mazuri” hana pa kuanzia kesho asubuhi. Anayesema kamba ishirini bamvua hili, anajua hata saa ya kuamka.

Je, wajua kwamba kuacha lengo nako ni uwezo unaohitaji kujifunza? Kuna mwani wa aina mbili unaolimwa kwetu, spinosamu na kotonii. Kotonii ndiyo yenye bei nzuri, lakini haistahimili joto, na maji ya kina kifupi yalipozidi kupata moto ikawa inakufa mashambani. Mtafiti Flower Msuya, aliyetumikia Taasisi ya Sayansi za Bahari, Zanzibar, amefanya kazi na wakulima kwa miaka mingi kuihamishia kwenye kina kirefu kwa kamba zinazoelea, na kuongeza thamani ya mwani kwa kutengeneza bidhaa kama sabuni. Kina kirefu kinataka chombo na kujua kuogelea, na wanawake wengi wa pwani hawakufundishwa kuogelea. Wengine wakabaki na spinosamu, wengine wakageukia sabuni. Mwaka 2003 Carsten Wrosch na wenzake walionyesha kwamba watu wanaoweza kuliachia lengo lisilowezekana tena, wakashika jingine lenye maana kwao, huwa na hali njema zaidi ya nafsi kuliko wanaoling’ang’ania. Tumeambiwa “usikate tamaa” mara nyingi mno, nami nadhani imewatesa wengi bure. Mama aliyeacha kotonii akaanza kupika sabuni hajakata tamaa hata kidogo.

Je, wajua kwamba kikoba chako kina undugu na Niger? Shirika la CARE lilianzisha vikundi vya kuweka na kukopa vya wanawake huko Maradi mwaka 1991, na mfumo huo ukasambaa Afrika nzima. Kwetu Tanzania ulipata jina la VICOBA, na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 ikavitambua rasmi vikundi vya namna hii. Aliyewahi kukaa kwenye mkutano wa kikoba anajua ulivyo: wanachama wameketi duara, sanduku katikati, kufuli tatu, na funguo zimeshikwa na watu watatu tofauti, asipokuwepo mmoja sanduku halifunguki. Hisa zinanunuliwa mbele ya wote, fedha zinahesabiwa kwa sauti, aliyechelewa anatozwa faini, na mfuko wa jamii upo kando kwa ajili ya msiba na ugonjwa. Siku ya kuvunja kikoba kila mmoja anaondoka na chake.

Watu hudhani nguvu ya kikoba ni mkopo. Mimi naiona zaidi pale mwanachama anapotaja mbele ya wenzake anakopa kwa ajili gani. Akishasema cherehani, wiki ijayo jirani atamuuliza cherehani iko wapi. Huko magharibi mwa Kenya, Pascaline Dupas na Jonathan Robinson waliwapa wanachama wa vikundi vya kupeana fedha sanduku dogo la chuma lenye kufuli na ufunguo, pamoja na kuwataka wataje lengo la afya wanaloliwekea akiba. Matokeo waliyochapisha mwaka 2013 yalionyesha matumizi ya kinga, vyandarua kwa mfano, yakipanda kwa zaidi ya asilimia 60. Kumbe kilichokosekana si nia. Fedha isiyo na jina ilikuwa inaliwa na mahitaji ya siku na maombi ya ndugu.

Je, wajua kwamba wazee wa pwani waliugawa mwaka kwa siku kumi kumi? Mwaka wao ulianza Nairuzi, ukawa na siku 365, na manahodha na wakulima walihesabu miongo: mwongo huu wa kupanda, mwongo ule bahari inachafuka. Makunduchi, Unguja, bado wanaupokea kila Julai kwa Mwaka Kogwa, ambapo watu hupigana kwa magomba ya migomba ili chuki za mwaka uliopita ziishe. Mwaka 2014 Hengchen Dai, Katherine Milkman na Jason Riis walichapisha ushahidi kwamba watu huanza upya malengo yao zaidi mwanzoni mwa wiki, mwezi au mwaka, na baada ya siku ya kuzaliwa. Mwenye miongo ana milango mipya ya kuanzia 36 kwa mwaka. Mwenye Januari peke yake anao mmoja.

Je, wajua kwamba siku 21 za kujenga mazoea hazina msingi? Huko London, Phillippa Lally aliwafuatilia watu 96, na matokeo yakatoka mwaka 2010: wastani ulikuwa siku 66, wa haraka kabisa 18, na makadirio ya wa polepole 254. Kuruka siku moja hakukuharibu kitu.

Je, wajua kwamba mmoja wa masheikh wakubwa wa Bagamoyo aliingia mjini akiwa mtoto mtumwa? Yahya bin Abdallah, maarufu Sheikh Ramiya, alitokea upande wa Manyema, Kongo ya leo. Alifanya biashara, akamiliki mashamba ya minazi, akasoma elimu ya dini mpaka akawa kiongozi wa tarika ya Qadiriyya, na Waingereza wakamfanya liwali. Alifariki mwaka 1931. Alikuwa na mali, lakini jina lake linatajwa kwa darsa na zikri, na kwa maulidi yaliyokusanya watu kutoka mbali. Tim Kasser na Richard Ryan waliandika mwaka 1993 kwamba vijana walioweka fedha juu ya uhusiano na watu na juu ya kuijali jamii walikuwa na wasiwasi na huzuni zaidi. Hilo lisieleweke kwamba fedha ni mbaya. Anayedaiwa ada anaihitaji leo. Swali ni fedha hiyo inakwenda wapi baada ya ada. Shaaban Robert, aliyekuwa karani wa forodha Pangani, alilitungia riwaya nzima: *Utubora Mkulima*, juu ya mtu anayeacha kazi ya mshahara akaenda kulima.

Je, wajua kwamba Jakaya Kikwete, mzaliwa wa Msoga, aliongoza duru ya kwanza ya kura za uteuzi wa mgombea urais wa CCM mwaka 1995, akashindwa ya pili? Alisubiri miaka kumi kabla ya kuupata uteuzi huo.

Je, wajua kwamba Filbert Bayi alivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 huko Christchurch, Februari 2, 1974, kwa dakika 3 na sekunde 32.2, akiongoza mbio tangu mwanzo? Wenzake walikuwa wakijificha nyuma ya kiongozi wakisubiri mzunguko wa mwisho. Yeye aliamua mapema mbio zake zitakwendaje. Miguu ilipostaafu hakubaki kuhesabu medali. Pamoja na mkewe alianzisha shule, ambazo leo ziko Kimara na Kibaha.

Je, wajua kwamba asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri ni ya mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu? Utoaji wake ulisimamishwa mwaka 2023, ukarejeshwa mwaka 2024. Kwa wakazi wa Bagamoyo, kama kwa wa Kunduchi na Bunju, pa kuanzia ni kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata, na swali la kwanza mtakaloulizwa ni fedha hizo mnataka kuzifanyia nini.