Mgongo wa Baba, Mgongo wa Mwana

Mzazi aliyeumwa mgongo kwa miaka mingi hulaumu magunia aliyoyabeba ujanani. Mwanawe, maumivu yakimwanza, husema amerithi, basi hana la kufanya. Kila mmoja ana sehemu tu ya ukweli.

Kati ya pingili za uti wa mgongo mna mito midogo ya gegedu. Kwa mtu mzima, mito hiyo karibu haina mishipa ya damu. Hupata chakula chake kutoka kwenye mishipa iliyomo ndani ya pingili. Mishipa ikiziba, mito huchakaa.

Mwaka 1995 uchunguzi wa mapacha wa kufanana nchini Finland ulionyesha kuwa urithi huchangia uchakavu huo kuliko kazi nzito. Hata hivyo, uchunguzi wa mwaka 1991 ulilinganisha jozi 20 za mapacha wa namna hiyo, mmoja mvuta sigara na mwenzake asiyevuta. Migongo ya wavutaji ilikuwa imechakaa zaidi, ingawa urithi wao ulikuwa mmoja.

Tumbaku hiyo hiyo huharibu mishipa ya moyo na ya ubongo. Ndugu msomaji, ukoo hauchaguliwi, lakini sigara huachwa. Aidha, mgongo ukiuma na miguu ikafa ganzi, au ukashindwa kuzuia mkojo, usingoje dawa ya kuchua. Nenda hospitali siku ile ile.