KAWIA UFIKE: Funzo la afya kutoka kwa Philip Boit

Wiki hii naomba tuondoke kidogo hapa kisiwani penye joto na jasho, twende pamoja hadi Japani penye theluji. Usiwe na wasiwasi, tutarudi Mombasa kabla kahawa yako haijapoa. Ninayo sababu ya kukupeleka mbali hivyo. Sababu yenyewe ni mgonjwa wangu mmoja wa Mji wa Kale, aliyekaribia kupoteza maisha kwa ajili ya ushauri nilioutoa mimi mwenyewe, tena ushauri mzuri.

Tarehe 12 Februari 1998, kwenye Michezo ya Olimpiki ya Majira ya Baridi ya Nagano, Philip Boit aliingia katika mbio za kilomita 10 za kuteleza kwenye theluji. Hakuna Mkenya aliyewahi kushiriki michezo hiyo kabla yake. Mbio hizo ni kama mbio zetu za nyika, isipokuwa mwanamichezo hufunga miguuni mbao mbili ndefu na nyembamba, akajisukuma kwa fimbo mbili, akipanda na kushuka vilima. Siku hiyo mvua ilinyesha na theluji ikawa nzito, yenye kunata.

Mshindi alikuwa Bjørn Dæhlie wa Norway, aliyetumia dakika 27 na sekunde 24. Boit alitumia dakika 47 na sekunde 25. Alikuwa wa mwisho, nafasi ya 92, nyuma ya mshindi kwa takriban dakika 20. Lakini Dæhlie hakwenda kuchukua medali yake. Alimngoja Boit kwenye mstari wa mwisho, na Mkenya huyo alipofika, bingwa alimkumbatia mbele ya dunia nzima. Urafiki wao ulidumu, na Boit akamwita mwanawe mmoja Daehlie.

Kisa hicho kimesimuliwa mara nyingi kama kisa cha urafiki, na ni kizuri. Mimi kama daktari kinanivutia kwa jambo jingine: kwa nini mtu mwenye moyo na mapafu kama ya Boit aachwe kwa dakika 20?

MWILI HUJUA ULICHOFUNDISHWA

Boit hakuwa mtu goigoi. Alizaliwa mwaka 1971 huko Eldoret, na alikuwa mwanariadha wa mita 800. Ni wa ukoo wa Mike Boit, aliyeshinda medali ya shaba katika mbio hizo hizo mjini Munich mwaka 1972. Mwaka 1996 kampuni ya Nike ilimchukua yeye na mwenzake, Henry Bitok, ikawapeleka Finland wakajifunze mchezo huo. Kabla ya hapo hawakuwa wamewahi kukanyaga theluji.

Kwa hiyo moyo wa Boit ulikuwa tayari. Mapafu yalikuwa tayari. Ambayo haikuwa tayari ni misuli ya mikono, mabega, kifua na mgongo, ambayo katika mchezo ule hufanya kazi pamoja na miguu. Mkimbiaji wa mita 800 hana haja ya kuwa na mabega ya mpiga makasia. Pia kuna mizani ya mwili, yaani ule ujuzi wa kusimama juu ya ubao unaoteleza bila kupoteza nguvu. Watoto wa Norway huanza kujifunza wakiwa wadogo sana. Boit alianza akiwa na umri wa miaka 24.

Msuli unapofanyishwa kazi mara kwa mara, ndani yake huota mishipa midogo zaidi ya kuleta damu, na vile vinu vidogo vya kutengeneza nguvu viitwavyo mitokondria huongezeka. Lakini mabadiliko haya hutokea katika msuli uliotumika, si katika ule uliokaa bure. Msuli usiofundishwa huchoka mapema, na hutumia nguvu nyingi kwa kazi ndogo. Na ule uliofundishwa ukiachwa bila kazi, baada ya wiki chache huanza kusahau. Kumbuka jambo hili, maana ndilo lililomponza mgonjwa wangu.

JOTO LETU LILIMSHINDA BINGWA

Usidhani ni baridi tu inayoweza kumwaibisha bingwa. Mnamo Machi 2007 mashindano ya dunia ya mbio za nyika yalifanyika papa hapa kisiwani, kwenye uwanja wa gofu ulio karibu na barabara ya Mama Ngina. Kenenisa Bekele wa Ethiopia alikuwa ameshinda mbio ndefu za mashindano hayo miaka mitano mfululizo. Mombasa ilimshinda. Alikuwa mbele pamoja na viongozi, lakini katika mzunguko wa mwisho aliacha mbio, na ushindi ukaenda kwa Zersenay Tadese wa Eritrea. Si Bekele peke yake. Wengine pia walishindwa kumaliza.

Kwenye joto, moyo hudaiwa na wadeni wawili kwa wakati mmoja. Misuli inataka damu ili ifanye kazi, na ngozi nayo inataka damu ili ipoze mwili. Jasho hupoza pale linapokauka, lakini hapa kwetu hewa imejaa unyevu, kwa hiyo jasho hutiririka tu bila kukauka. Mwili huhitaji wiki moja hadi mbili kuzoea joto kama hili. Sisi tunaoishi hapa tumelizoea kwa kukaa na kutembea. Kukimbia ndani yake ni jambo jingine kabisa.

MGONJWA NILIYEMTUMA MBIONI

Sasa turudi Mji wa Kale. Nimebadilisha mambo machache ili mhusika asitambulike, naye ameniruhusu niandike.

Ni bwana wa miaka 56, karani wa miaka mingi katika shughuli za bandarini. Alikuja kwangu kwa sababu ya kiu isiyokwisha na kukojoa usiku. Tulipopima, sukari ilikuwa juu, na shinikizo la damu nalo lilikuwa juu. Nilimwandikia dawa, nikamweleza habari za mahamri na halwa, halafu alipokuwa akisimama kuondoka nikamwambia, "Ami, na mazoezi pia ufanye."

"Hilo tu, daktari?" akacheka. "Mimi nilikuwa nikicheza namba saba. Hilo niachie mimi."

Nami nikacheka naye, nikamwita mgonjwa aliyefuata.

Siku ya tatu, baada ya sala ya alfajiri, alivaa raba za mwanawe akatoka Kibokoni mbio, nia yake afike Mama Ngina. Kichwani alikuwa kijana wa miaka 20. Alipokwisha kuipita Fort Jesus alihisi kifua kimebanwa kana kwamba mtu amemkalia, na mkono wa kushoto ukawa mzito. Akakaa kitako, akasimamisha tuktuk, akarudi nyumbani. Akamwambia mkewe ni gesi, ni vile viazi karai vya jana usiku. Akanywa soda. Wanawe walipomleta, adhuhuri ilikuwa imekwisha adhiniwa.

Haikuwa gesi. Mshipa mmoja unaolisha moyo ulikuwa umeziba. Tulimkimbiza hospitali na akapona, lakini saa zile zilizopotea ziligharimu sehemu ya msuli wa moyo wake, na sehemu hiyo ikishakufa hairudi.

Nilipokwenda kumtazama wodini, aliniambia kwa upole, "Daktari, si ndiwe uliyeniambia nikimbie?" Sikumwambia akimbie. Nilimwambia afanye mazoezi. Lakini sikumwuliza kama hupata maumivu ya kifua apandapo ngazi, sikumpima moyo, wala sikumweleza aanzie wapi. Dawa nilimwandikia kwa kipimo: kidonge kimoja asubuhi, kimoja jioni. Mazoezi nilimpa bila kipimo. Hilo ni kosa langu, na tangu siku ile silirudii.

KIPIMO CHA MAZOEZI

Msomaji, kama umevuka miaka 40 na kwa miaka kadhaa mazoezi yako yamekuwa kutoka kwenye kiti hadi kwenye gari, wewe ni Philip Boit siku ya kwanza kwenye theluji. Haidhuru ulikuwa nani zamani. Tafadhali zingatia haya.

Kwanza, pimwa. Ikiwa una kisukari, shinikizo la damu, ugonjwa wa moyo au wa figo, au kama ndugu yako wa karibu alipata ugonjwa wa moyo akiwa bado kijana, muone daktari kabla ya kuanza. Na ukipata maumivu ya kifua au pumzi kukukatika upandapo ngazi, usianze mazoezi yoyote mpaka uchunguzwe.

Pili, anza kwa kutembea. Dakika 10 zatosha kwa wiki ya kwanza. Ongeza dakika chache kila wiki, mpaka ufikie dakika 30 kwa siku, siku 5 kwa wiki. Hizo ni dakika 150, na ndicho kiwango cha chini ambacho Shirika la Afya Duniani linawashauri watu wazima, pamoja na siku 2 za mazoezi ya kuimarisha misuli. Kubeba ndoo za maji na kupanda ngazi za nyumba zetu za ghorofa pia kumo. Akina mama wasiopenda kutembea barabarani wanaweza kuzunguka juu ya dari la nyumba jioni.

Tatu, jipime kwa mdomo wako. Mwendo unaofaa ni ule unaokuwezesha kuzungumza na mwenzako lakini huwezi kuimba. Ukishindwa hata kuzungumza, punguza.

Nne, chagua saa. Alfajiri au baada ya alasiri jua likipungua. Kunywa maji kabla na baada. Wakati wa Ramadhani, tembea baada ya kufuturu. Na wenye kisukari wazungumze na daktari mapema kuhusu dawa zao kabla mwezi haujaandama.

Tano, tazama miguu. Mwenye kisukari asitembee mwendo mrefu kwa ndara, kwa sababu anaweza kujeruhiwa bila kuhisi. Avae viatu vilivyofunika mguu, na akirudi akague nyayo zake. Anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari abebe kitu kitamu mfukoni, akihisi kutetemeka na jasho la baridi ale mara moja.

Sita, ijue hatari. Kifua kubana, maumivu yanayopanda shingoni, tayani au kuteremkia mkononi, jasho jembamba, kichefuchefu, pumzi kukatika: simama, na uende hospitali papo hapo. Usiendeshe gari mwenyewe. Usingoje gesi itoke. Kwa wanawake na wenye kisukari, maumivu yanaweza kuwa madogo au yasiwepo kabisa, na dalili ikawa ni uchovu wa ghafla na pumzi fupi tu.

NJIA YA MKATO

Wapo wanaotaka kufika kabla hawajaondoka. Hata mabingwa wamo. Mwaka 2002, katika Olimpiki ya Salt Lake City, Larisa Lazutina wa Urusi, mmoja wa wanawake mashuhuri kabisa katika mchezo huu wa theluji, alikutwa na dawa ya kuongeza chembe nyekundu za damu, akanyang'anywa medali yake ya dhahabu. Dawa za jamii hiyo huwafaa sana wagonjwa wa figo walioishiwa damu. Kwa mtu mzima wa afya hufanya damu iwe nzito, nayo damu nzito huganda na kuziba mishipa. Hata katika riadha yetu Wakenya wamekwisha kufungiwa kwa dawa hizo.

Huku mitaani mkato ni vidonge vya kupunguza tumbo na sindano za kujaza misuli. Anayekuuzia hakujui moyo wala ini lako. Usinunue.

MWISHO WA SAFARI

Boit hakuishia Nagano. Alirudi kwenye Olimpiki mwaka 2002, akarudi tena mwaka 2006 huko Torino, na mara hizo hakuwa tena wa mwisho. Hakupata medali hata moja, lakini mwili wake ulijifunza, kidogo kidogo, kazi ambayo haukuzaliwa nayo wala kulelewa nayo.

Mgonjwa wangu naye alianza upya. Baada ya kutoka hospitali, na kwa kipimo maalumu, wiki ya kwanza alitembea kutoka baraza ya nyumba yake hadi baraza ya jirani wa nne, akarudi. Kila wiki tulimwongezea baraza mbili. Mwanzoni wazee wenzake walimtania: namba saba amekuwa namba ngapi sasa? Baadaye wawili kati yao waliungana naye. Ilimchukua miezi sita kufika Mama Ngina, kwa miguu, akizungumza njia nzima. Mkewe alikuwa ametangulia kwa tuktuk, akamngoja kwenye ukuta wa baharini na chupa ya maji.

Wahenga walisema kawia ufike. Msomaji, kesho alfajiri vaa viatu vyako, hesabu baraza nne, kisha rudi nyumbani. Hadi wiki ijayo, nakutakia afya njema.