Je, Wajua? Jino la Sita Halisubiri Jino Ling'oke

Je, wajua kwamba madoa ya kahawia kwenye meno ya watoto wengi wa Bomang'ombe yaliingia kabla meno hayajachomoza? Jino la ukubwani huanza kuumbika ndani ya ufizi mtoto angali ananyonya. Floraidi ikizidi kwenye maji anayokunywa miaka ile, jino huota likiwa na doa tayari. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Upande wa kusini-magharibi mwa wilaya ya Hai floraidi imewahi kuzidi hata ikapindisha miguu ya watoto, kama ulivyoeleza utafiti uliochapishwa 2013. Na yale magadi tunayotia kwenye maharage yaive haraka, nayo yana floraidi.

Rangi hiyo kila mama anaiona. Kinachompita ni mpangilio wa meno, kwa sababu tumezoea kusema, "Hayo ni ya utoto, yatang'oka tu." Jino la utoto ndilo linalomshikia nafasi jino la ukubwani. Gego la utoto likioza na kung'olewa mapema, la nyuma yake husogea mbele, na lile linalokuja hukosa pa kutokea. Linapanda juu ya mwenzake au linajificha ufizini. Mwaka 2009 ilichapishwa taarifa ya watoto 1,601 wa miaka 12 hadi 14 wa wilaya za Kinondoni na Temeke: karibu theluthi mbili walikuwa na angalau kasoro moja ya mpangilio.

Mwanya wa mbele usikutie hofu. Kwa mtoto wa miaka minane ni wa kawaida, na mara nyingi hupungua chonge zikishuka, kwenye miaka 11 au 12. Ila usikubali mtu achimbue ufizi wa mtoto mchanga akidai anatoa "meno ya plastiki" yanayoleta homa na kuhara. Kile kivimbe cheupe ni chonge yenyewe inayokua, na jeraha lake linaweza kuharibu hata ile ya ukubwani iliyo chini yake.

Wataalamu wa kunyoosha meno hushauri mtoto aangaliwe akifika miaka saba, hata kama haumwi popote. Kwa watu wa Bomang'ombe, safari ni ya daladala hadi Moshi, kwenye kliniki ya meno ya KCMC, hospitali iliyofunguliwa 1971. Wengi hawarudi na waya; daktari hutazama tu nani wa kusubiri na nani asisubiri.

Kabla ya safari, mkalishe mtoto mlangoni penye mwanga, afunue kinywa. Hesabu kuanzia jino la katikati kwenda nyuma. Ya utoto huishia la tano. La sita, lililotokea kimyakimya kwenye miaka sita bila jino lolote kung'oka na kurushwa juu ya bati, ni gego la ukubwani. Likitoboka, mwambie daktari alizibe. Halina jingine la kulifuata.