UKIANGUKIA KIGANJA, USISEME "NIMETEGUKA TU"



Katika kazi zetu za ujenzi, mashamba na upakiaji, mtu akiteleza hutanguliza kiganja chini ili ajizuie. Mkono huvimba kidogo, wenzake humkanda kwa maji ya moto, na kesho yake yuko kazini. Mwashi mmoja mwenzetu alifanya hivyo. Baada ya mwaka alishindwa kuinua karai la zege. Kumbe hakuteguka, alivunjika.

Kifundo cha mkono kina mifupa midogo 8. Unaovunjika mara nyingi zaidi ni ule wa upande wa kidole gumba, wenye umbo la mtumbwi. Madaktari huuita skafoidi. Damu yake nyingi huingilia upande wa mbele na kurudi nyuma. Kwa hiyo ukikatika, kipande cha nyuma huweza kukosa damu kikafa, na mfupa usiunge.

Utatambuaje? Nyoosha kidole gumba juu. Kwenye shina lake patatokea kibonde kati ya kano. Ukibonyeza hapo pakauma, au ukishika kitu kwa nguvu ukasikia maumivu, hesabu kwamba umevunjika mpaka daktari athibitishe vingine, hata kama uvimbe ni mdogo.

La kufanya:

1. Vua pete na saa kabla mkono haujavimba.

2. Usikande wala usivute. Funga mkono kwenye banzi, hata gazeti lililokunjwa, kisha uutundike shingoni kwa kitambaa. Vidole vikifa ganzi au vikiwa baridi, kimbilia hospitali.

3. Piga picha ya eksirei. Picha ya kwanza yaweza isionyeshe ufa. Daktari mwenye shaka huufunga mkono, akapiga picha tena baada ya siku 10 hadi 14. Plasta hukaa wiki 6 hadi 12, pengine zaidi. Vipande vikiachana, huenda ukahitaji operesheni.

Ndugu, picha moja safi si ruhusa ya kurudishwa kwenye kazi nzito. Siku ileile ya ajali dai iandikwe katika kitabu cha ajali, taja shahidi, tunza karatasi za daktari. Mwashi yule hakuandikisha. Alipodai fidia aliulizwa, "Ajali ipi?" Hakuwa na jibu.

Mwenzenu akianguka, mpelekeni hospitali, na mwakilishi wa chama ajulishwe siku hiyohiyo. Mikono yetu ndiyo mtaji wetu.