Embu Haikuwa Ofisi Tu

Wapo wanaodai kwamba hadhi ya Embu ilikwisha mwaka wa 2013, kaunti zilipochukua nafasi ya mikoa. Kabla ya hapo, mji huu ulikuwa makao makuu ya Mkoa wa Mashariki, ulioenea kutoka Moyale, mpakani mwa Ethiopia, hadi Makueni.

Mimi nakataa. Kituo hiki cha utawala kilianzishwa mwaka wa 1906, Waingereza walipowashinda Waembu kwa bunduki. Ofisi zilileta makarani, nao makarani wakavuta wachuuzi. Mborana hakujua Kiembu, wala Mwembu hakujua Kiborana. Foleni ya kungojea saini ikawa darasa la Kiswahili.

Ofisi ya mkoa imekwenda, lakini darasa lile halijafungwa. Nikipita sokoni humsikia Mmbeere akipatana bei ya ndengu na Mmeru, kila mmoja kwa lafudhi ya kwao, na wakaelewana.

Hata hivyo, wazee waliopanga foleni ile wanatutoka mmoja mmoja. Mwalimu mwenzangu, watume wanafunzi wako wakawahoji. Kumbukumbu hizo hazimo katika faili yoyote ya serikali.