Kidato Kimoja Kilichozidi

Katika kiwanda chetu cha chai ziko ngazi za zege zenye vidato sita, ambazo wachumaji huzipanda na vikapu mgongoni kwenda kupima majani. Zilijengwa vizuri, kila kidato kimo chake sentimita 16. Baadaye sakafu ya banda la mizani ikainuliwa sentimita 6 kwa zege jipya, wala hapana aliyezikumbuka ngazi. Kidato cha mwisho kikawa cha sentimita 22.

Asubuhi moja ya mvua mwenzetu alijikwaa hapo, akaanguka na kikapu chake, akavunjika mkono. Tuliambiwa kwamba hakutazama anapokanyaga. Sisi tulileta futi tukapima mbele ya msimamizi. Mguu, ndugu, hujifunza upesi: ukipanda vidato viwili vitatu vya kimo kimoja, hujiinua kiasi kile kile bila kuuliza macho.

Hatimaye ilikubaliwa zitengenezwe. Shauri la kwanza lilikuwa kuongeza zege juu: sentimita 1 kidato cha kwanza, 2 cha pili, mpaka 5 cha tano. Hesabu ilikuwa sawa, kwa maana 102 ukigawa kwa 6 ni 17. Lakini tabaka la sentimita 1 juu ya zege kuukuu hubanduka upesi penye miguu mingi. Tulikataa, ngazi zikavunjwa.

Safari hii mafundi walipima kwanza kutoka ardhi ya chini mpaka sakafu iliyokwisha kamilika, ndipo wakagawa na kupigilia mbao. Saruji karai 1, mchanga 2, kokoto 4, na maji kwa kiasi. Zege la majimaji humwagika kwa urahisi lakini huwa dhaifu. Walianzia kidato cha chini, wakilishindilia kwa kipande cha nondo ili hewa itoke. Wachanganyaji walikuwa peku, na saruji mbichi huchoma ngozi. Tulidai viatu vya mpira. Vilikuja siku ya tatu.

Msimamizi alitaka niru ya kung'aa. Niru ni ya sebuleni. Ikilowa huteleza kama sabuni. Kila kidato kiliinamishwa mbele milimita chache ili maji yasituame, kikasawazishwa kwa ubao, na zege lilipoanza kushika kikachanwa kwa ufagio, michirizi ikikata njia ya mguu. Ukingo wa mbele uliviringwa kidogo, kwani pembe kali humeguka.

Kisha magunia yaliyolowa, siku 7. Wengi hudhani zege hukauka kama nguo, kumbe saruji hushikana kwa maji, na likinyimwa maji mapema uso wake hutoa vumbi na nyufa. Siku hizo tulizungukia mlango wa nyuma, na kunung'unika tulinung'unika.

Mwenzetu amerudi kazini. Siku alizolala hospitali hajalipwa bado, na barua yetu ya pili imekwisha pelekwa.